Maziwa ya Mama Mbele ya Jaji: Kosa la Kuua Kichanga na Mipaka ya Ukosoaji wa Kifeministi wa Tiba ya Akili

Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya vinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinamhusu mwanamke aliyesababisha kifo cha mtoto wake asiyetimiza miezi 12. Iwapo wakati wa tendo akili yake ilikuwa imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kujifungua, au kwa sababu ya athari za kunyonyesha, atatiwa hatiani kwa kosa la kuua kichanga na kuadhibiwa kana kwamba ameua bila kukusudia, hata kama mazingira yangetosha kulifanya tendo lake kuwa mauaji ya kukusudia. Uganda nayo ina kifungu cha aina hiyo. Maneno yenyewe yanafuata Sheria ya Kuua Kichanga ya Uingereza ya mwaka 1938.

Miongoni mwa wanafeministi wa sheria, kanuni hii ina maadui na watetezi. Maadui wanasema inamdhalilisha mwanamke: inamchora kama kiumbe anayetawaliwa na tumbo la uzazi na matiti, na tendo lake zito kuliko yote inalihesabu kuwa tukio la mwili lisilo na maana yoyote. Watetezi wanajibu kwamba udhalilishaji huo si kitu ukilinganishwa na uhai wa msichana wa miaka 19 anayekabiliwa na shitaka la mauaji. Nakubaliana na watetezi kuhusu uhai, na nakubaliana na maadui kuhusu udhalilishaji. Lakini kuna jambo la tatu ambalo pande zote mbili zimelikosea, nalo ndilo linaloamua tufanye nini: zote zinachukulia kwamba kanuni hii ni sauti ya tiba ya akili ndani ya sheria. Ushahidi unaonyesha kwamba ni wanasheria walioazima koti la daktari, kisha wakaendelea kulivaa hata baada ya daktari mwenyewe kulivua. Na madhara yake makubwa yako katika sharti inalomwekea mshtakiwa: ili ahurumiwe, lazima akubali kwamba hakuwa na sababu.

Msingi wa ukosoaji wa kifeministi haubishaniwi sana, nami sitakawia hapo. Mwaka 1860 Elizabeth Packard wa Illinois alifungiwa katika hospitali ya wendawazimu kwa neno la mume wake mchungaji, kwa kuwa sheria ya jimbo ilimruhusu mume kumpeleka mke huko bila kesi kusikilizwa. Alikaa humo miaka mitatu. Mwaka 1970 Phyllis Chesler alisimama mbele ya mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani akadai fidia ya dola milioni moja kwa niaba ya wanawake walioumizwa na tiba ya akili, na miaka miwili baadaye kitabu chake *Women and Madness* kikaipa hoja hiyo umbo la nadharia. Elaine Showalter akafuata mwaka 1985 na *The Female Malady*, akidai kwamba tangu karne ya 19 utamaduni wa Kiingereza umeufanya wazimu wenyewe kuwa jambo la kike.

Hapa ndipo ninapoachana na wasomi wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoichukua hoja ya Showalter kama ilivyo na kuipandikiza kwetu. Hata Uingereza kwenyewe Joan Busfield aliipinga mwaka 1994, akionyesha kwamba takwimu za hospitali za wendawazimu za karne ya 19 haziubebi uzito ule. Kwetu haisimami kabisa. Megan Vaughan, katika *Curing Their Ills* ya mwaka 1991, alieleza kwamba makoloni ya Afrika hayakuwahi kuwa na ufungiaji mkubwa wa wendawazimu ulioonekana Ulaya. Aliyewatia hofu wakoloni alikuwa Mwafrika aliyedhaniwa kupotewa na mila zake, na mara nyingi aliyefungiwa alikuwa mwanamume. Lynette Jackson alipochunguza hospitali ya Ingutsheni, Bulawayo, alikuta wanawake waliopelekwa huko kwa kuonekana wakizurura mahali ambapo dola halikutaka waonekane. Ni ushahidi wa thamani, ila unahusu polisi na mipaka ya mji kuliko unavyohusu tumbo la uzazi.

Tuchukue mfano ulio karibu zaidi. Mwaka ule ule wa 1938 Bunge la Uingereza lilipoandika kwamba kunyonyesha kunaweza kuvuruga akili ya mama, daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alishikilia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Basi himaya moja ilikuwa na kauli mbili. Kwa kanuni yake ya adhabu, mama Mwafrika aliyejifungua aliweza kudhaniwa kuwa na akili iliyovurugika. Kwa daktari wake, mama huyo hakuwa na nafsi ya kutosha kuvunjika moyo. Kama kanuni ya kuua kichanga ingekuwa imeotesha mizizi katika tiba ya akili ya kikoloni, kauli hizo mbili zisingekaa nyumba moja kwa amani. Zilikaa kwa sababu hazikuwa na uhusiano. Kanuni ilikuja na meli ya sheria.

Ilitengenezwaje huko ilikotoka? Sheria ya mwaka 1624 ilimhesabu kuwa muuaji mwanamke asiye na mume aliyeficha kifo cha mtoto wake, isipokuwa angethibitisha kwamba mtoto alizaliwa mfu. Ilifutwa mwaka 1803, lakini kuua kichanga kuliendelea kuwa mauaji yenye adhabu ya lazima ya kifo. Juri za karne ya 19 zilikataa kutia hatiani. Majaji nao walilazimika kutamka hukumu ya kunyonga ambayo kila mtu mahakamani, isipokuwa pengine mshtakiwa, alijua haitatekelezwa. Rebecca Smith, aliyenyongwa mwaka 1849, ndiye mama wa mwisho nchini humo kunyongwa kwa kumuua mtoto wake mchanga. Miaka 70 baadaye maneno ya hukumu yalikuwa yakitamkwa bado. Mwaka 1921 juri la wanaume watupu mjini Leicester lilimtia hatiani Edith Roberts, mfanyakazi wa kiwanda mwenye miaka 21, na jaji akamhukumu kifo. Umma ukachukizwa, na mwaka uliofuata sheria ya kwanza ya kuua kichanga ikapita.

Sheria hiyo ya 1922 ilimhusu mtoto aliyezaliwa punde tu. Mwaka 1927 mahakama ikaamua kwamba mtoto wa siku 35 hahesabiki hivyo, na mama yake akakosa kinga. Ikahitajika kusogeza mpaka hadi miezi 12. Lakini mama wa mtoto wa miezi minane huwezi kusema kwa uso mkavu kwamba hajapona kujifungua, kwa hiyo kikaongezwa kitu kinachodumu muda mrefu zaidi: kunyonyesha. Ndiyo asili ya maziwa katika kifungu chetu. Dhana ya wazimu wa kunyonyesha ilikuwa ya karne ya 19, na ilipoingia katika sheria ilikuwa tayari inachakaa katika vitabu vya tiba. Umri wa mtoto ndio uliotangulia. Maradhi ya mama yakatafutwa baadaye yatoshee umri huo.

Katherine O'Donovan, katika makala yake ya mwaka 1984, aliisoma historia hii kama ushindi wa udaktari juu ya maisha ya wanawake. Tony Ward alimjibu mwaka 1999 kwamba waliosukuma mabadiliko walikuwa hasa majaji na wanasiasa waliochoshwa na maigizo ya hukumu ya kifo, na kwamba lugha ya tiba ilichaguliwa kwa kuwa ililegea vya kutosha kubeba huruma ambayo watu wa kawaida walikuwa nayo tayari. Kwa historia, Ward ana haki. Anapokosea ni kusimama hapo, kana kwamba lugha iliyochaguliwa kwa urahisi haina madhara. Lugha ya sheria huwa na kazi hata walioiandika wakiwa hawaiamini.

Kazi hiyo tunaiona wazi tukiwatazama wanawake wanaofikishwa mahakamani. Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa madaktari wa akili wenyewe, na ni wa zamani. Mwaka 1970 Phillip Resnick, daktari wa Marekani, alitenganisha makundi mawili ambayo hadi wakati huo yalichanganywa: mzazi anayemuua mtoto wake ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na yule anayemuua mtoto mkubwa zaidi. Alikusanya visa vilivyoandikwa katika maandiko ya kitabibu ya zaidi ya karne mbili. Miongoni mwa akina mama waliomuua mtoto mkubwa, theluthi mbili walikuwa na dalili za wazimu wa dhahiri. Kati ya waliomuua mtoto siku ya kuzaliwa, 17% tu. Wa kundi la mtoto mkubwa 88% walikuwa na waume. Wa kundi la siku ya kuzaliwa, 19%. Hawa wa mwisho walikuwa vijana zaidi, na simulizi zao zinarudiarudia jambo moja: mimba iliyofichwa hadi mwisho, uzazi wa peke yake bila mtu wa kushika mkono.

Miaka tisa baadaye P. T. d'Orbán alichapisha uchunguzi wake wa wanawake 89 waliopitia gereza la Holloway, London, wakishitakiwa kwa kuua au kujaribu kuua watoto wao. Hakutegemea maandiko ya wengine, aliwapima mwenyewe. Aliwagawa katika makundi sita: waliompiga mtoto hadi kufa kwa hasira ya ghafla walikuwa 36, wagonjwa wa akili 24, waliomuua mtoto aliyezaliwa punde 11, waliomlipizia kisasi mwenzi kupitia mtoto 9, waliokuwa na mtoto wasiyemtaka 8, na mmoja aliyeua kwa kumhurumia mtoto anayeteseka. Tazama jinsi kanuni inavyowapita wanawake hawa. Ni kundi moja kati ya sita linalolingana na picha iliyochorwa na sheria. Wale 11 ambao kanuni iliwekwa hasa kwa ajili yao, warithi wa Edith Roberts, ndio ambao daktari huwakuta na ugonjwa kidogo kabisa. Hata hivyo mahakama za Uingereza ziliendelea kuwapatia kinga ya kuua kichanga, na d'Orbán aliona kwamba takriban nusu ya wanawake waliotiwa hatiani kwa kosa hilo walikuwa na matatizo ya akili yasiyofikia kiwango kinachodaiwa na kinga ya kawaida ya upungufu wa uwajibikaji.

Wanasheria wengi wanaichukua takwimu hii kama habari njema: kanuni inalegezwa kwa huruma, mambo yanakwenda. Mimi naisoma kinyume. Inamaanisha kwamba kwa miaka mingi madaktari waliitwa kizimbani kutamka maneno ambayo vipimo vyao havikuyaunga mkono, na wanawake waliokolewa kwa kuzungumziwa kile ambacho hakikuwatokea. Daktari anayeona mbele yake msichana mwenye hofu, aliyefukuzwa nyumbani na kukimbiwa na mwanamume aliyempa mimba, anaandika kwamba uwiano wa akili yake ulivurugwa na athari za kujifungua. Anaandika kwa wema. Lakini katika maandishi hayo baba wa mtoto hayumo, wala mwenye nyumba, wala mwajiri, wala mwalimu aliyempima mkojo mbele ya wenzake. Amebaki mwanamke na homoni zake.

Hapo ndipo sharti la kunyamaza linapouma. Mshtakiwa akisema, "Nilijua ninachofanya, sikuwa na pa kwenda," amejivunjia kinga kwa mdomo wake, kwa kuwa mwenye sababu anahesabiwa kuwa mwenye kusudi. Akisema, "Sikumbuki, giza liliniingia," ameokoka. Wakili mwema atamshauri njia ya pili. Na katika mahakama zetu gharama ya njia hiyo ni kubwa kuliko London. Tanzania Bara, anayeshitakiwa kwa mauaji hana dhamana. Ili apatikane na akili iliyovurugika anahitaji taarifa ya daktari wa akili, na madaktari hao ni wachache mno. Mara nyingi mahakama huagiza mshtakiwa apelekwe Taasisi ya Isanga, Dodoma. Msichana wa Kigoma au Mtwara anangoja mahabusu, matiti yakiwa bado yanatoka maziwa katika miezi ya mwanzo, ili athibitishwe kuwa na maradhi ambayo Resnick na d'Orbán wangetuambia pengine hana. Miezi ikipita, daktari anapimaje hali ya akili ya usiku mmoja wa mwaka jana?

Nisieleweke kwamba ninakana maradhi. Wazimu wa baada ya kujifungua upo, na ni moja ya dharura kubwa za tiba. Huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Kendell na wenzake, waliofuatilia uzazi zaidi ya 54,000 mjini Edinburgh, walionyesha mwaka 1987 kwamba katika siku 30 za kwanza baada ya kujifungua, uwezekano wa mwanamke kulazwa kwa wazimu hupanda zaidi ya mara 20. Mfeministi anayesema kwamba haya yote ni lebo za wanaume anamwacha mama huyu afe, na wakati mwingine mtoto wake pia. Ila kanuni ya kuua kichanga haimfai hata yeye. Mwanamke aliyesikia sauti zikimwamrisha hakustahili kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Alistahili kitanda wiki tatu kabla. Kliniki ya mama na mtoto ilikuwepo. Mtoto alipimwa uzito, mama akaulizwa kuhusu damu na maziwa na uzazi wa mpango, na swali la usingizi wake likakosa nafasi kwenye kadi. Ujinga wa sheria uko hapa: inamtajia wazimu msichana asiyekuwa nao, na yule mwenye nao inampa hatia.

Kwa muda huo wote tiba ya akili yenyewe ilikuwa imehama. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walichapisha *Social Origins of Depression*, uchunguzi wa wanawake 458 wa Camberwell, London. Walionyesha kwamba sonona haiwaangukii wanawake ovyo: hutanguliwa na tukio zito au shida ya muda mrefu, na huwapata zaidi wasio na mtu wa kumwambia siri, wasio na kazi, wenye watoto wadogo watatu au zaidi nyumbani, na waliofiwa na mama kabla ya miaka 11. Mwaka mmoja baadaye John Orley na John Wing, wakitumia kipimo kilichotumika Camberwell, walikuta sonona kwa wingi zaidi miongoni mwa wanawake wa vijiji viwili vya Uganda kuliko miongoni mwa wale wa London. Dhana ya Carothers ilizikwa pale. Mwaka 1997 Melanie Abas na Jeremy Broadhead wakachapisha utafiti wao wa wanawake 172 wa kitongoji kimoja cha Harare: karibu theluthi moja walikuwa wamepata sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa ndani ya mwaka mmoja. Zaidi ya nusu walikuwa wamekumbwa na tukio zito katika mwaka huo, idadi inayowapita sana wale wa Camberwell. Matukio yaliyowavunja yalikuwa na sura zinazojulikana: kuachwa na mume, kufiwa, ugonjwa ndani ya nyumba, ukosefu wa fedha. Brown alikuwa tayari ameonyesha kwamba hasara peke yake haina nguvu kama hasara iliyochanganyika na kudhalilishwa na kunaswa mahali pasipo na mlango.

Kudhalilishwa na kunaswa: sidhani kuna maelezo mafupi yanayofaa zaidi hali ya mimba iliyofichwa katika chumba cha mfanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo wanafeministi wanaoendelea kuishambulia tiba ya akili kana kwamba haijui chochote zaidi ya homoni wanapigana na adui wa mwaka 1938. Adui huyo yuko hai, lakini anaishi katika Kanuni ya Adhabu.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanaotaka kifungu kifutwe. Western Australia ilifuta kosa hili mwaka 2008, na hoja ni kwamba kinga za kawaida zinatosha kwa wanaume na wanawake sawa. Hoja hiyo inaweza kuwa na uzito Perth, Dodoma haina. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haina kinga ya upungufu wa uwajibikaji ambayo Uingereza iliipata mwaka 1957. Kuna uwendawazimu kamili au hakuna kitu. Na adhabu ya mauaji kwa mujibu wa kifungu cha 197 ni kifo, bila jaji kuwa na hiari, licha ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuamua mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu, kwamba ulazima huo unakiuka Mkataba wa Afrika. Kufuta kifungu cha 199 leo kwa jina la usawa ni kumrudisha Edith Roberts kizimbani. Nawaomba wenzangu wanaolitaka hilo wasubiri.

Pingamizi la pili ni la mtoto. Je, kuhesabu mazingira ya mama si kupunguza thamani ya uhai wa kichanga? Kanuni iliyopo tayari inapunguza, na inafanya hivyo kwa siri, kwa kumkinga mama bila kutaja kilichomuua mtoto. Anayejali vichanga angependa kujua ni nani alijua kuhusu mimba na hakusema, zahanati ilikuwa umbali gani, na kwa nini msichana aliogopa kwenda. Mahakama inayouliza hayo inamheshimu marehemu kuliko inayouliza kuhusu maziwa.

Ninachopendekeza ni hiki. Maneno kuhusu kunyonyesha yaondolewe. Ireland iliyaondoa mwaka 2006 na mbingu hazikuanguka. Lakini Ireland iliweka ugonjwa wa akili mahali pake, na hiyo ni kufunga mlango tuliotaka kuufungua. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016 katika shauri la Borowiec, iliposema kwamba akili iliyovurugika si lazima iwe na ugonjwa unaotambulika kitabibu. Sisi twende hatua moja mbele: kifungu kimhusu mama ambaye uwezo wake wa kuamua ulilemewa na hali ya ujauzito, uzazi au malezi aliyokuwa nayo, zikiwemo ubakaji, kutelekezwa, kufukuzwa na kukosa huduma. Ushahidi wa hali hizo usiwe mali ya daktari peke yake. Adhabu ya juu ipunguzwe kutoka maisha hadi miaka michache. New Zealand ina ukomo wa miaka mitatu. Na mama mwenye wazimu wa dhahiri atolewe katika hatia kabisa, apelekwe wodini.

Kifungu cha namna hiyo kitaliweka hata dola katika ushahidi, na huenda ndiyo maana kitapingwa. Kanuni za elimu za Tanzania za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi mjamzito kufukuzwa shule. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyezaa hatarudi shuleni katika utawala wake. Katazo liliondolewa Novemba 2021, na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki za wasichana hao. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, ambayo ibara yake ya 14 inamruhusu aliyebakwa kutoa mimba kwa msaada wa tiba, lakini vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu havijafuata. Msichana aliyeficha mimba mwaka 2018 alikuwa na sababu zilizochapishwa katika Gazeti la Serikali.

Itasemwa kwamba neno "hali" halina mwisho, na kwamba kila mtu ana shida. Ni pingamizi la majaji, nalo lina jibu la kiufundi. Katika mbinu ya Brown, ukubwa wa tukio hauamuliwi na mwanamke mwenyewe kulia sana au kidogo. Mhojaji anakusanya maelezo ya maisha yake. Kisha jopo ambalo halijaambiwa alivyohisi wala kama aliugua linakadiria uzito ambao tukio lile lingekuwa nao kwa mtu wa kawaida aliye katika hali ile ile. Hicho ni kipimo cha mtu wa kawaida ambacho wanasheria hukitumia kila siku katika kesi za kuchokozwa, kikiwa na nidhamu zaidi. Maafisa ustawi wa jamii tayari wanaandikia mahakama taarifa za uchunguzi wa maisha ya mtu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: anaishi na nani, analishwa na nani, nani alimwacha. Kumtuma afisa wa wilaya katika nyumba alimojifungulia mshtakiwa kunahitaji nauli na siku chache. Kungeweza kufanyika wiki ya kwanza baada ya kukamatwa, wakati majirani bado wanakumbuka na shitaka halijapewa jina.